Chungu cha Pili

Jino lilikuwa la mwanamke, gego la juu upande wa kushoto, na Daktari Eufrasia Akonaay alikuwa amelizoea kuliko meno yake mwenyewe. Kwa siku tisa alilikata vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu na kuvilaza kimoja kimoja chini ya kisomeo, mashine ambayo katika mji mzima wa Gijeta ni yeye peke yake aliyebaki anayeielewa inachosema. Kipande cha arobaini na moja kilipoingia, kioo kilichora mstari wa kijani. Ukapanda, ukapanda tena, ukakaa juu. Eufrasia hakushtuka. Alikitoa kipande, akakigeuza, akakirudisha. Mstari ukapanda palepale. Alifanya hivyo mara nne, akaandika tarehe na saa, kisha akaenda kunawa mikono.

Mstari ule ulikuwa na maana moja tu. Mwanamke aliyezikwa katika kaburi la nne, chini ya rundo la mawe ambalo wachimbaji wa bwawa walilikuta mwaka uliopita kwenye miguu ya Mlima Hanang, aliugua siliaki, ugonjwa wa tumbo la mtu asiyeivumilia ngano. Aliugua miaka elfu mbili na mia nane kabla Neema, ngano inayoulisha mji wote, haijabuniwa. Hilo ndilo jambo ambalo Eufrasia alitumwa alitafute, na ndilo ambalo mdogo wake, Paskalina, aliomba kila siku lisipatikane.

Kengele ya mchana ikalia. Gijeta kengele hiyo ikilia hakuna anayebaki kazini. Eufrasia alifunga maabara, akashuka hadi jiko la mtaa wa tatu na kujipanga kwenye foleni pamoja na watu wengine mia nne, bakuli mkononi. Mbele yake alikuwa jaji wa mji, nyuma yake mfagiaji wa barabara, na wote watatu walipakuliwa kutoka sufuria ileile kwa upawa uleule: bokoboko la ngano na maharage, zito, la moto, linalonukia kitunguu. Ndivyo ilivyotaka Sheria ya Chungu Kimoja. Hakuna nyumba yenye jiko lake, hakuna ghala lenye kufuli. Sheria hiyo ilitungwa katika Miaka ya Vumbi, mahindi yalipokaukia shambani na watu wakaanza kuuana kwa debe la unga, na tangu ilipotungwa hakuna aliyezikwa Gijeta kwa sababu ya njaa. Watoto waliiimba kabla hawajajua kusoma.

Tarsila, binti wa Paskalina, alikuwa amekaa kwenye meza ya karibu na dirisha. Alikuwa na miaka kumi na moja, lakini mgeni angemkadiria saba. Miguu ilikuwa myembamba, tumbo limetuna, nywele zimepauka. Aliokota maharage kwenye bakuli lake moja moja na kuyapangusa kwa kidole, kana kwamba rojo la ngano lingeweza kufutika. Eufrasia alikaa karibu naye.

"Mama mkubwa," mtoto aliuliza, "yule mama wa kaburini amesemaje?"

"Bado anazungumza," Eufrasia alijibu. "Sipendi kumkatiza."

Tarsila aliridhika na jibu hilo. Alikula maharage sita, akalisukuma bakuli pembeni, na baada ya muda akaanza kulishika tumbo.

Watu wa namna yake walikuwa mia mbili na kumi na nne katika mji wa watu elfu arobaini. Eufrasia alikuwa ameyaeleza mambo yao mara nyingi mbele ya madaktari na mbele ya akina mama, na siku zote aliyaeleza kwa maneno yaleyale. Ndani ya ngano mna gluteni, kile kitu kinachoushikamanisha unga unapokandwa. Kwa watu wengi ni chakula kama chakula kingine. Kwa wachache, kinga ya mwili inakiona kuwa adui, na katika kumpiga adui huyo inaupiga utumbo wenyewe, mpaka vile vinyweleo vya ndani vinavyonyonya chakula vinakwisha na utumbo unabaki laini kama jiwe la mtoni. Mtu anakula kila siku, na chakula kinampita tu. Mifupa inadhoofika, damu inapungua, mtoto harefuki. Anakufa njaa polepole huku bakuli limejaa mbele yake.

Dawa yake ni nyepesi kuliko zote: asile ngano, wala shayiri, ambayo ni ndugu yake. Lakini Gijeta hakuna mtu aliyeruhusiwa kupikiwa peke yake. Sheria iliacha mlango mmoja tu: chakula kikithibitika kuwa sumu, kitaondolewa kwenye chungu cha wote. Kwa hiyo wagonjwa waliishtaki ngano yenyewe. Walisema Neema, iliyobuniwa maabara ili inywe ukungu wa asubuhi badala ya mvua, ndiyo iliyouleta ugonjwa huu duniani. Aliyewaongoza alikuwa Paskalina. Baraza la Mji likamwita Eufrasia na kumwagiza atafute katika mifupa ya kale. Ugonjwa usipokuwemo, Neema ina hatia. Ukiwemo, Neema haina hatia na mashtaka yamekwisha. Baraza lilijua vizuri kwamba kiongozi wa wagonjwa ni mdogo wake wa tumbo moja. Lilimteua hata hivyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na kwa kuwa katika miaka ishirini hajawahi kuandika neno ambalo mfupa haukulisema.

*

Paskalina alimfuata maabara alasiri ileile. Hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama dada yake usoni, akavuta kiti na kukaa.

Alizungumza kwa muda mrefu, bila kupaza sauti. Alisema kesi itasikilizwa baada ya siku kumi na mbili. Alisema mganga wa zahanati amempima Tarsila tena, na uzito wake umerudi ulipokuwa miaka miwili iliyopita. Aliwataja watoto watatu waliokufa tangu mwaka uanze, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao na majina ya mama zao, ingawa Eufrasia aliwajua. Halafu akasema alichokuja kukisema. Kisomeo anakijua mtu mmoja tu. Kipande cha jino ni kitu kidogo, kinaweza kuvunjika. Daktari akiandika kwamba mifupa imekaa kimya, nani atabisha?

Eufrasia alikuwa ameshalifikiria jambo hilo kabla mdogo wake hajaingia, na hakulifikiria kwa dakika moja wala mbili. Alikuwa amelitazama lile jino, lililobaki ukubwa wa punje ya mtama, akakadiria kwamba kulisaga kungechukua muda usiozidi wa kuchemsha chai.

"Neema ikianguka kwa neno langu," alisema, "watu elfu arobaini watakula nini mwezi ujao?"

"Watakula hicho anachoweza kula mwanangu leo," Paskalina akajibu. "Watatafuta. Watahangaika kama ninavyohangaika mimi."

"Paskalina, nikiudanganya mji huu mara moja, siku nyingine nikisema kweli nani atanisikia?"

"Huyo maiti wako hana njaa, dada. Mwanangu anayo."

Eufrasia alilisogeza lile jino mbali na ukingo wa meza. Kulikuwa na jambo moja alilokuwa na hakika nalo kama anavyokuwa na hakika na vidole vyake anaposhika kisu cha kukatia meno, nalo ni kwamba mtu hawezi kuchagua mfupa upi useme na upi unyamaze, kisha akabaki kuwa msomaji wa mifupa. Angegeuka kitu kingine. Na mji ungekuwa umebaki bila mtu wa kuuambia kilichomo ndani ya chungu chake.

"Nitasema nilichokiona," alisema mwisho. "Chote."

Paskalina alisimama, akakirudisha kiti mahali pake kwa adabu.

"Basi kwangu usije," alisema, akaondoka.

*

Lile neno "chote" lilibaki likimsumbua Eufrasia, maana alijua kwamba hajakiona chote.

Kulikuwa na jambo ambalo tangu siku ya kwanza aliliandika pembeni ya daftari na kulizungushia duara. Fuvu la mwanamke wa kaburi la nne lilikuwa na vitundu vidogo vidogo kwenye paa la tundu la jicho, kama vya sifongo. Hiyo ni alama ya mtoto aliyepungukiwa damu kwa miaka mingi, na ilikubaliana vizuri na ugonjwa. Lakini vitundu vyake vilikuwa vimezibwa. Mfupa mpya ulikuwa umeota juu yake, laini na mzito. Tena kiuno na magoti yalionyesha mtu aliyevuka miaka hamsini, aliyetembea sana na kubeba mizigo. Mgonjwa wa siliaki asiyetibiwa hafiki huko. Mwanamke huyu aliugua utotoni mpaka akakaribia kufa, na baadaye akapona.

Kesho yake asubuhi Eufrasia alilitandaza kaburi zima mezani. Mwanamke hakuzikwa peke yake. Kando yake walilazwa watu wazima watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na vipimo vya udongo vilisema wote walizikwa ndani ya miaka michache. Alipanga kuwasoma wote wanne kwa pamoja, tangu utoto hadi kifo, na kwa hilo alihitaji sehemu tatu za mwili, maana kila sehemu inatunza kumbukumbu za wakati wake. Jino linajengwa utotoni na halibadiliki tena, kwa hiyo linaeleza utoto. Mbavu zinajijenga upya maisha yote, kwa hiyo zinaeleza miaka kumi ya mwisho. Na kati ya hizo mbili ni ukoga, ule uchafu mgumu unaoganda shingoni mwa jino, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limenasa chembe za kilichotafunwa mwaka huo. Watu wa kale hawakuwa na mswaki wa kuusumbua ukoga. Kwa msomaji wa mifupa, hiyo ni bahati kubwa.

Alifanya kazi siku saba. Alikwenda jikoni kengele ilipolia, akala, akarudi. Mara mbili alipita kwa Paskalina kabla ya kazi na kubisha hodi; alisikia watu ndani, na hakuna aliyefungua. Hakulalamika. Alirudi mezani na kuendelea.

Wale wengine watatu walikuwa rahisi kusoma. Tangu walipoota meno mpaka walipokufa walikula shayiri, maziwa na nyama kidogo. Ilionekana ni watu waliotoka kaskazini na mbegu zao, wakalima kwenye miteremko ya mlima kwa maji ya mifereji. Ukoga wao ulijaa shayiri tabaka zote, mbavu zao zilisema shayiri mpaka mwisho.

Mwanamke wa kaburi la nne alikula shayiri mpaka tabaka la kumi na tisa. Tabaka la ishirini shayiri ilipungua. La ishirini na moja haikuwemo. Eufrasia alidhani kipande kimeharibika, akakata kingine. Haikuwemo. Palikuwa na ulezi, maziwa, na mizizi fulani ya porini yenye wanga. Alisogea tabaka la ishirini na mbili, la ishirini na tano, la arobaini. Ulezi, maziwa, mizizi. Hata punje ya shayiri haikuonekana, na pale pale kwenye tabaka la ishirini na tatu ule mstari wa kijani wa ugonjwa ulianza kushuka, ukashuka mwaka hadi mwaka, mpaka ukalala chini kabisa na hakuna kitu tena kilichouinua.

Kwa miaka isiyopungua thelathini watu wale waliishi pamoja, wakala shayiri wote isipokuwa mmoja.

Ndipo akakumbuka vyungu. Kaburini viliwekwa viwili, kikubwa katikati ya wote na kidogo miguuni pa mwanamke, na wachimbaji walikuwa wamevifungasha kwenye kreti moja na kuviandika "vyombo". Udongo wa chungu unakunywa kinachopikwa ndani yake na hausahau. Eufrasia alikwangua ndani ya vyote viwili. Kikubwa kilikuwa kimeloa shayiri. Kidogo kilikuwa na ulezi na maziwa, na shayiri hakuna, hata alipokwangua mara kumi na mbili katika sehemu kumi na mbili. Kilikuwa kimepasuka mara mbili na kuzibwa kwa utomvu wa mti, na chini kilikuwa kimelika kwa kusuguliwa na mchanga.

Alikishika mikononi, akakaa nacho. Watu wale hawakuwa na kisomeo. Hawakujua gluteni ni nini. Lakini mtu fulani alimtazama binti aliyekuwa akisinyaa, akamnyima shayiri kwa majaribio, akaona, akaelewa. Na baada ya kuelewa, mtu alikisugua chungu kidogo kwa mchanga, kila siku, kwa miaka thelathini, ili shayiri ya wengine isimguse.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa kabla ya saa tatu asubuhi. Wagonjwa na jamaa zao walikaa upande wa kulia, Paskalina mstari wa mbele, Tarsila akiwa amemwegemea. Wajumbe kumi na mmoja walikaa juu, na katikati yao Mwenyekiti, Mzee Margwe Sulle, mwenye miaka sabini na sita. Katika Miaka ya Vumbi mzee huyo alizika watoto wawili ndani ya wiki moja, na mstari wa kwanza wa Sheria ya Chungu Kimoja aliuandika kwa mkono wake.

Eufrasia alianza na lile alilotumwa. Alieleza jino, akaeleza mstari wa kijani, akasema bila kuzunguka kwamba ugonjwa huu ulikuwepo karne ishirini na nane kabla ya Neema, na kwamba Neema haina hatia. Upande wa kulia mama mmoja akaanza kulia, na Paskalina akasimama, akamshika mwanawe mkono na kuelekea mlangoni.

"Sijamaliza," Eufrasia alisema, na hakuwa akiwaambia wajumbe.

Paskalina alisimama mlangoni. Hakugeuka, lakini hakutoka.

Eufrasia akaeleza yaliyobaki. Alikitoa chungu kidogo kwenye kisanduku na kukiweka juu ya meza, watu wakainuka vitini wakione. Alisema alivyopona mwanamke yule, na miaka mingapi aliishi baada ya kupona. Alisema ombi la wagonjwa lilikuwa limekosewa, na kosa lile si lao, maana sheria iliwaachia mlango mmoja tu. Akaliomba Baraza lifungue wa pili: chungu cha pili katika kila jiko la mtaa, viazi na maharage bila ngano kwa sasa, na ulezi utolewe hazina ya mbegu upandwe.

Mzee Margwe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipozungumza, alizungumza taratibu.

"Daktari, mimi nimeishi kwenye vyungu vingi. Mtaa wetu ulikuwa na vyungu sitini. Nilisikia harufu ya nyama kwa jirani wakati wanangu wanaramba sufuria kavu. Leo unaniomba cha pili kwa ajili ya wagonjwa, na wagonjwa nawaonea huruma. Kesho atakuja mwenye meno mabovu. Keshokutwa atakuja mwenye cheo. Huo mlango tutaufunga vipi?"

"Sitakudanganya, mzee wangu, kwamba ni rahisi kuufunga," Eufrasia alisema. "Nitakwambia tu mifupa inavyosema. Watu hawa nao walipatwa na njaa, miaka mitatu mfululizo, wote wanne wana alama zake. Nilikwenda kutazama miaka hiyo kwanza kabisa, kwa sababu nilijua utaniuliza. Chungu kidogo hakikuwa na kingi kuliko kikubwa. Wenzake walikonda, na yeye alikonda vilevile. Hakupewa kizuri zaidi. Alipewa kisichomdhuru, basi. Sisi tunaye mtoto anayesimama foleni moja na wote, anapakuliwa kwa upawa mmoja na wote, na mezani ni yeye peke yake ambaye hajala. Mimi siuiti huo usawa. Na sidhani kama ulipoandika sheria hii ulikusudia huo."

Hakuna aliyemsemesha mwenyekiti namna hiyo kwa miaka mingi. Wajumbe walitazamana. Mzee Margwe alikitazama chungu kidogo kwa muda, akauliza kama anaruhusiwa kukishika. Akaletewa. Alikigeuza, akaupitisha mkono chini palipolika, akakirudisha.

Kura zilipigwa mara mbili. Ya kwanza iliifutia Neema mashtaka, na wote kumi na mmoja walikubali. Ya pili ilikuwa ya chungu cha pili. Sita walikubali, watano walikataa, na mmoja wa watano hao alikuwa Mzee Margwe.

"Mimi sijashawishika," aliuambia ukumbi huku akitia sahihi. "Naogopa, na sioni haya kusema naogopa. Lakini kura imepita, na jina langu liko hapa chini. Kwa hiyo chungu hicho kitapikwa, kitapikwa vizuri, na atakayekichezea atajibu kwangu."

Eufrasia alipogeuka kumtafuta mdogo wake, mlangoni hapakuwa na mtu.

*

Amri ilisema chungu cha pili kianze baada ya siku kumi, kwanza katika jiko la mtaa wa tatu, kwa wagonjwa wa mji mzima. Haikusema nani atapika. Wapishi wa mtaa wa tatu walikwepa, mmoja akidai mgongo, mwingine akidai kazi ni nyingi tayari, na ukweli ni kwamba waliogopa midomo ya watu. Ukutani mwa jiko mtu alikuwa ameandika kwa mkaa neno moja: WACHAGUZI, kana kwamba wagonjwa walichagua chakula kwa anasa. Msimamizi wa jiko alilifuta, likaandikwa tena.

Siku ya tatu Paskalina aliingia maabara. Alimwamkia dada yake kama inavyopasa, hakukaa.

"Nitapika mimi," alisema. "Nieleze hiyo gluteni inajificha wapi."

Eufrasia aliacha alichokuwa akikishika, akamweleza. Inajificha kwenye mwiko wa mti, kwa sababu mti unakunywa. Inajificha kwenye mpasuko wa chungu, kwenye kitambaa cha kufutia, kwenye maji yaliyosuuzia bakuli jingine. Inakaa hewani jikoni unga unapomiminwa, halafu inatua. Punje moja inatosha kumrudisha mgonjwa nyuma wiki nzima. Paskalina aliuliza, akaandika, akauliza tena. Siku mbili zilizofuata walishinda pamoja kwenye chumba cha nyuma cha jiko. Walisugua kuta kwa maji ya moto, wakatoa rafu za zamani, wakapokea chungu kipya kutoka kwa mfinyanzi na miko mipya ambayo haijaugusa unga. Paskalina hakuomba radhi, na Eufrasia hakumdai. Jioni ya siku ya pili, wakiwa wamechoka, Paskalina aliuliza ghafla kama yule aliyempikia mwanamke wa kale alikuwa mama yake.

Eufrasia alisema hajui. Mfupa unaeleza nani alikula, hauelezi nani alipika.

"Basi alikuwa mama yake," Paskalina alisema, "au dada yake," akaendelea kusugua.

Siku ya kwanza walikuja watu kumi na tisa tu kwenye foleni ya pili, na wote walitazama chini. Foleni ya kwanza iliwakodolea macho. Tarsila alikuwa wa kwanza kupakuliwa, viazi na maharage, chumvi na majani ya kunde. Alikaa meza ileile ya karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza hakuokota wala kupangusa. Alikula mpaka bakuli likawa jeupe. Wiki ya pili walikuja themanini. Wiki ya tano walikuja wagonjwa wote, na lile neno la ukutani halikuandikwa tena, sijui kwa kuwa watu walichoka au kwa kuwa Mzee Margwe alikuwa ameanza kuja kukaa jikoni pale kila Jumatatu, fimbo magotini, akitazama foleni zote mbili. Tarsila alikuwa ameongeza kilo mbili na nusu. Hakuwa ameanza kurefuka, lakini alikuwa ameanza kukimbia.

Asubuhi moja ya wiki ya saba Eufrasia alipitia jiko kuu, akawasaidia wapishi kukanda mikate kwa kuwa walikuwa wamepungukiwa mikono, kisha akaona avuke chumba cha nyuma akamsalimie mdogo wake. Chungu cha pili kilikuwa kinachemka. Aliinama juu yake apate kuinusa harufu, na kabla hajavuta pumzi, mwiko ukamgonga kifuani na kumrudisha nyuma hatua mbili.

"Toka hapo, dada," Paskalina alisema. "Una unga kwenye mkono wa koti."

Eufrasia alitazama. Ni kweli, ulikuwepo, mstari mweupe mwembamba kwenye kiwiko, mdogo kiasi kwamba hata yeye hakuuona. Alimtazama mdogo wake aliyesimama katikati yake na chungu, mwiko mkononi, hana mzaha hata kidogo, akasikia furaha ikimpanda ambayo kwa miaka mingi hakuipata hata kwenye kisomeo. Alilivua koti, akaliacha nje, akaenda bombani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mtu aliyeagizwa na anayejua kazi yake.